Je, Muuzaji Anayenyamaza Amesema Uwongo?

Maswali mengine juu ya haki hujibiwa upesi. Mtu akiiba mbuzi usiku, kila mmoja ajua kwamba ameiba. Lakini yako maswali mengine ambayo hata mwenye dhamiri njema hukaa nayo muda mrefu. Mojawapo ni hili: mtu anauza kitu chenye kasoro iliyofichika. Mnunuzi hakuuliza, na muuzaji hakusema neno. Kinywa chake hakikutamka uwongo wowote. Je, ametenda haki?

Swali hili laweza kuulizwa katika kila soko, hata penye mafungu ya mihogo. Hapa litaangaliwa katika soko la mbali, yaani soko la motokari za nguvu za Marekani. Sababu ya kulichagua ni tatu: fedha zake ni nyingi, kasoro zake hufichwa kwa urahisi, na mtu yule yule aliye mnunuzi leo huwa muuzaji kesho. Kwa hiyo lile alilotendewa huweza kumtendea mwenzake.

MOTOKARI HIZO NI ZIPI?

Wamarekani huziita motokari za misuli. Mwili wake ni wa kadiri, lakini injini yake ni kubwa kuliko mwili ulivyohitaji. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa tawi la General Motors, ilitoa motokari iliyoitwa GTO. Wakuu wa General Motors walikuwa wamekataza motokari za ukubwa wa kati kuwekwa injini iliyopita inchi 330 za ujazo, yaani karibu lita 5.4. Watu wa Pontiac waliizunguka amri hiyo. Hawakuitangaza GTO kuwa aina mpya ya motokari, bali waliiita nyongeza tu. Mnunuzi wa motokari yao ya LeMans aliweza kuiomba kwa kulipa karibu dola 300 zaidi, na ndani ya nyongeza hiyo mlikuwamo injini ya inchi 389, yaani karibu lita 6.4. Msomaji aushike vema ujanja huo, maana utarudi mbele na matunda yake.

Mwaka ule ule, tarehe 17 Aprili, Ford iliionyesha Mustang mjini New York, kwa bei iliyoanzia dola 2,368. Vijana waliikimbilia. Baadaye zilikuja Chevelle SS, Camaro, Plymouth Road Runner, Dodge Charger na Dodge Challenger, kila moja ikitaka kuishinda jirani yake. Lakini siku zake za fahari hazikuwa nyingi. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilibana moshi wa injini. Bima ya vijana ilipanda bei. Na Oktoba 1973 petroli ilipoadimika, injini zenye kiu kubwa zilipoteza wapenzi wengi. Zile za miaka ya 1964 hadi 1972 zilizobaki zikawa kama akiba ya babu: kadiri zilivyopungua, ndivyo bei yake ilivyopanda.

Miaka mingi baadaye motokari za namna hiyo zilitengenezwa tena. Challenger ilirudi mwaka 2008, na Camaro mwaka 2009. Nazo zikakoma: Challenger ya injini ya petroli mwishoni mwa 2023, na Camaro karibu na wakati huo huo. Mustang haikukoma. Mfano wake mpya uliotolewa kwa mwaka 2024 ulitoka katika kiwanda cha Flat Rock, jimbo la Michigan. Basi mwenye kutamani motokari ya nguvu ana milango miwili mbele yake: mlango wa mpya na mlango wa kuukuu.

MLANGO WA KWANZA: MOTOKARI MPYA

Katika mlango huu sheria imesimama kama bawabu. Tangu mwaka 1958 sheria ya Marekani yaamuru kila motokari mpya ibandikwe karatasi dirishani, ikionyesha bei yake, nyongeza zake na gharama za kuisafirisha. Kiwanda hutoa dhamana: kitu kikivunjika kwa kosa la kiwanda katika muda uliotajwa, kiwanda hutengeneza. Mnunuzi ajua anachokinunua, hata asipokuwa fundi.

Hapa hatari kubwa haimo katika motokari, imo katika mkataba wa mkopo. Ichukuliwe motokari ya dola 50,000, na mnunuzi akope fedha zote kwa faida ya 7 kwa mia kila mwaka, alipe kwa miezi 72. Kila mwezi atatoa karibu dola 852. Miezi yote ikiisha atakuwa ametoa zaidi ya dola 61,000, na mikononi mwake iko motokari yenye umri wa miaka 6. Hakuna aliyemficha hesabu hiyo, kwa maana imeandikwa katika karatasi aliyoitia sahihi. Kama hakuisoma kwa sababu macho yake yalikuwa yakitazama rangi, basi amejidanganya mwenyewe. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

MLANGO WA PILI: MOTOKARI KUUKUU

Katika mlango wa pili bawabu yule yupo, lakini macho yake hayaoni mbali. Zipo sheria. Ile ya mwaka 1972 yakataza kurudisha nyuma kipimo cha maili ili motokari ionekane haikutembea sana. Tangu mwaka 1985 mfanya biashara wa motokari zilizotumika apaswa kubandika dirishani karatasi isemayo kama anatoa dhamana, au kama anaiuza "kama ilivyo", yaani bila dhamana. Lakini mtu wa kawaida anayeuza motokari yake uani kwake hapaswi kubandika karatasi hiyo. Na motokari zenye umri mkubwa zimesamehewa hata wajibu wa kuandikiwa maili zake wakati wa kuuzwa. Tena, vipimo vya maili vya wakati ule vilikuwa na tarakimu tano tu za maili kamili. Vikipita 99,999 huanza tena sifuri. Motokari inayoonyesha maili 34,000 yaweza kuwa imetembea 134,000, na hakuna aliyekigusa kipimo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kutu. Katika majimbo ya kaskazini barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula bati toka chini. Kutu hukaa katika sakafu, katika sakafu ya sanduku la nyuma, chini ya kioo cha mbele, na katika fremu ibebayo motokari nzima. Mtu asiye mwaminifu hujaza matundu kwa lipu ya kuzibia bati, huisugua mpaka ilingane, hupaka rangi nyekundu ya kung'aa, na jicho halioni tena kitu. Mnunuzi mwenye hekima huja na sumaku ndogo, maana sumaku hushika bati wala haishiki lipu. Hulala chini kwa mgongo na taa mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini si kila mnunuzi aliye na sumaku, na si kila kasoro hufikiwa na taa. Hapa ndipo swali la mwanzo linapoanza kuuma. Motokari mpya huuzwa chini ya macho ya sheria. Motokari kuukuu, kwa sehemu kubwa, huuzwa chini ya macho ya dhamiri peke yake.

KASORO YA WAZI NA KASORO YA SIRI

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo hili kwa mfano wa farasi. Farasi mwenye jicho moja, asema, kasoro yake yaonekana na kila mtu. Muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei kadiri ipasavyo. Lakini kasoro ya siri, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji apaswa kuisema.

Kipimo hicho chafaa motokari sawasawa na farasi. Kiti kilichoraruka ni jicho moja la farasi: mnunuzi anakiona, anahesabu gharama ya kukishona, anatoa bei yake. Fremu iliyooza chini ya rangi mpya ni jambo jingine. Mnunuzi atapanda na mkewe na watoto wake, atakanyaga mafuta katika motokari yenye nguvu za farasi mia tatu na zaidi, naye hajui kwamba chini yake chuma kimebaki kama ganda la yai. Muuzaji anayejua na kunyamaza hakuficha kutu tu. Amehatarisha maisha ya watu asiowajua, kwa ajili ya dola chache.

Labda muuzaji atajibu: "Niliandika 'kama ilivyo'. Mnunuzi ni mtu mzima, angekagua." Maneno hayo yana ukweli wake, nayo yana mpaka wake. Kuuza "kama ilivyo" ni kusema: sitoi dhamana kwa yatakayovunjika kesho. Ni haki, kwa kuwa motokari ya miaka hamsini yaweza kuvunjika kesho bila kosa la mtu. Lakini neno "ilivyo" maana yake ni vile ilivyo kweli, si vile rangi inavyosema. Aliyeijaza lipu kwa mkono wake, kisha akaiita "kama ilivyo", ametumia neno la kweli kufunika uwongo. Na kunyamaza kwake si kunyamaza tena, kwa sababu rangi ile inasema kwa niaba yake.

Mwingine atasema: "Wote hunyamaza. Nikisema mimi peke yangu, nitapata hasara." Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1970, na mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wamarekani huiita motokari mbovu "limau". Akerlof alionyesha hivi: kama mnunuzi hawezi kuitofautisha motokari njema na limau, atatoa bei ya katikati tu, maana aogopa. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye motokari njema, basi huiondoa sokoni. Zikibaki mbovu nyingi zaidi, woga wa wanunuzi wazidi na bei yashuka tena. Mwisho soko lenyewe laweza kufa. Kwa hiyo mwenye kunyamaza hamwibii mnunuzi wake peke yake. Amwibia pia jirani mwaminifu, ambaye motokari yake njema haitasadikiwa tena.

MOTOKARI ILIYOVIKWA JINA LA NYINGINE

Sasa urudi ule ujanja wa 1964. Kwa kuwa GTO ya mwaka 1964 na ya 1965 ilikuwa nyongeza tu, namba ya motokari iliyopigwa kiwandani haionyeshi kama ni GTO au ni LeMans ya kawaida. Tangu 1966 mpaka 1971 GTO ilikuwa aina yenye jina lake, na namba yake huanza na 242. Lakini kwa ile miaka miwili ya kwanza mtu aweza kuchukua LeMans, akatia injini kubwa, akabandika herufi za GTO, na namba isimshitaki. Hapo ushahidi ni karatasi za kiwanda na alama za chapa zilizomo katika injini na bati. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, kuitengeneza motokari ya namna hiyo ni dhambi? Hapana. Fundi aliyefanya kazi miezi mingi, akaitoa LeMans iliyokuwa ikioza shambani na kuifanya ifanane na GTO, amefanya kazi njema ya mikono. Itakimbia vilevile, itanguruma vilevile. Akisema, "Hii ni LeMans niliyoifanya mfano wa GTO", amelipwa haki ya kazi yake, na mnunuzi amefurahi. Akiiuza kwa jina la GTO, ameiba tofauti ya bei, nayo yaweza kuwa maelfu mengi ya dola. Bati ni lile lile na rangi ni ile ile. Kilichoigeuza kazi njema kuwa wizi ni neno moja tu. Ndiyo maana katika biashara hii neno lina uzito kuliko chuma.

MNUNUZI NAYE ANA WAJIBU

Isifikiriwe kwamba wajibu ni wa muuzaji tu. Ichukuliwe habari ya mama mjane ambaye mumewe aliacha motokari ya zamani ghalani. Kwake yeye ni chuma kinachojaza nafasi. Mjuzi mmoja anaingia, anaiona namba iliyoanza na 242, anaona injini ni ile ya kiwandani, moyo wake unaruka. Mama anasema: "Nipe dola 500 uiondoe." Mjuzi anatoa fedha upesi na kwenda zake akicheka.

Ni kweli kwamba mjuzi ana haki ya kupata faida. Alijifunza miaka mingi, ataigharimia, ataitolea jasho. Akitoa bei ya chini kidogo kwa sababu hiyo, hakuna wa kumlaumu. Lakini kununua mali ya thamani kubwa kwa bei ya chuma chakavu, kwa kuwa mwenyewe hajui, ni tendo lile lile la mwenye kuficha kutu, limegeuzwa upande tu. Mtakatifu Tomasi asema hivyo pia: mnunuzi anayepokea dhahabu kutoka kwa mtu aliyedhani anauza shaba, naye anajua, apaswa kurudisha. Haki haina mlango mmoja wa muuzaji na mwingine wa mnunuzi.

ALIYEDANGANYWA ANAPOTAKA KUUZA

Limebaki fumbo gumu kuliko yote. Mtu mmoja alitoa dola 60,000 kwa motokari aliyoambiwa ni GTO ya kweli. Mwaka mmoja baadaye fundi mwaminifu anamwonyesha kwamba ni LeMans iliyovikwa, na bei yake ni nusu. Aliyemwuzia ametoweka. Akiba ya miaka mingi imepotea. Naye hakufanya kosa lolote. Anawaza: "Nitaiuza kama nilivyouziwa. Sitasema uwongo mpya. Nitarudia tu maneno niliyoambiwa."

Machozi ya mtu huyo ni ya kweli, na asiyemhurumia hana moyo. Lakini na aangalie vema anachotaka kufanya. Maneno yale alipoambiwa yeye, hakujua. Akiyarudia sasa, anajua. Neno ni lile lile, lakini mwenye kulisema si mtu yule yule. Ni kama mtu aliyepokea noti ya uwongo sokoni. Kuipokea bila kujua ni bahati mbaya. Kuitoa tena baada ya kujua, ili hasara ihamie kwa muuza samaki, ni wizi. Muuza samaki hana deni lolote kwake. Deni ni la yule wa kwanza, naye atafutwe kwa mashitaka na kwa kila njia ya haki. Asipopatikana, hasara na ikomee mahali ilipo. Ni chungu, lakini lazima mtu mmoja akubali kuizuia, la sivyo itapita toka mkono hadi mkono, na kila mkono utachafuka.

Na huyo mtu asidhani amebaki bure. Ana LeMans njema, iliyotengenezwa vizuri. Aiuze kwa jina lake la kweli na bei yake ya haki. Atapoteza fedha, lakini mnunuzi wake atakapoleta sumaku, taa na fundi, hatakuwa na sababu ya kuangalia pembeni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAULIZO NA MAJIBU

1. U. Je, muuzaji anayenyamaza amesema uwongo?
J. Kama kasoro ni ya wazi na bei ni ya haki, hakusema uwongo. Kama kasoro ni ya siri, naye anaijua, nayo yaleta hasara au hatari, kunyamaza kwake ni udanganyifu.

2. U. Maneno "kama ilivyo" yamwondolea muuzaji wajibu wote?
J. Yamwondolea wajibu wa yale asiyoyajua na yatakayotokea baadaye. Hayampi ruhusa ya kuficha anayoyajua.

3. U. Kuitengeneza motokari ya kawaida ifanane na ile ya thamani ni kosa?
J. Si kosa. Kosa ni kuiuza kwa jina lisilo lake.

4. U. Mtu aliyeuza bila kujua kasoro, kisha akaijua, afanye nini?
J. Amwambie mnunuzi, na amrudishie kile kilichozidi bei ya haki.

5. U. Aliyedanganywa aweza kumpa mwingine hasara yake?
J. Hawezi. Amdai aliyemdanganya, wala si yule anayekuja baada yake.

6. U. Mambo haya yawahusu wenye motokari peke yao?
J. Hapana. Yamhusu kila mtu anayepima mafuta ya mawese, anayeuza baiskeli iliyoungwa, au anayenunua kuku kwa mtoto asiyejua bei. Msomaji na aulize dhamiri yake juu ya kitu cha mwisho alichokiuza.